Tuta la Nyuma ya Jiko

Sehemu ya Tisa

"Tema, baba mdogo."

Hatemi. Wiki iliyopita tulimwacha Bwana Majani mbele ya dirisha la maabara ya mboga, shavu moja limejaa, na leo tunamkuta bado anatafuna, macho yamemtoka kama mbuzi aliyefumaniwa kwenye shamba la jirani.

Kama gazeti lile lilikwisha kufungia samaki kabla hujalisoma, sikulaumu. Habari yenyewe ni fupi. Bwana Majani analima spinachi nyingi kuliko mtu yeyote upande ule. Shule yenye watoto mia tatu na sitini inataka kuzinunua kila wiki, lakini mwalimu mkuu amesema bila cheti cha maabara hapokei hata jani. Anayetoa cheti ni Dada Chupa, mpimaji, ambaye Bwana Majani alimlea tangu ana miaka sita, baba wa msichana alipofariki. Na mashine ya Dada Chupa imetoa karatasi inayosema kwamba spinachi hizo zina masalia ya dawa ya wadudu mara tisa ya kiwango kinachoruhusiwa.

Mtu mwingine angebisha. Bwana Majani alichana mfuko wa sampuli, akajaza ngumi, akatia mdomoni.

"Umeona?" alisema, vipande vya kijani vikiruka hadi kwenye kioo. "Nimekula. Nimekufa?"

"Bado," alisema Dada Chupa.

Foleni nyuma yake ikacheka. Mkulima mmoja wa nyanya, aliyekuwa wa pili, aliutazama mfuko wake wa sampuli, akautazama mdomo wa Bwana Majani, akatoka kwenye foleni polepole kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi nyumbani.

Bwana Majani alimeza. Kisha akainama hadi kwenye kitundu cha kioo, ile sauti yake ya kuitia vibarua ng'ambo ya bonde ikageuka mnong'ono.

"Mwanangu, mashine yako ni mbovu."

"Imepimwa jana."

"Ni mbovu, nakwambia. Na ninajua ni mbovu kwa sababu moja. Sogeza sikio." Alitazama nyuma, akatazama mbele. "Mboga hizo hazikutoka kwenye shamba la soko. Nilikuletea za nyumbani. Zile za tuta la nyuma ya jiko. Tuta lile halijaona dawa tangu nimelichimba."

Msomaji, usishangae. Maabara ile ina gari zuri sana, jeupe, limeandikwa ubavuni kwa rangi ya buluu. Halina mafuta. Kwa hiyo sampuli ambayo mpimaji alipaswa kwenda kuichuma mwenyewe shambani, mkulima huibeba mwenyewe mpaka dirishani, sawa na mtahiniwa anayejitungia maswali nyumbani na kuja nayo darasani. Na hakuna mkulima upande ule asiye na matuta mawili: shamba la kuuza, linalooga dawa, na kituta kidogo cha kula yeye na wanawe, kisichoguswa. Wanalijua wote. Hawalisemi.

Dada Chupa alivua miwani.

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Nilikudanganya kwa mboga safi. Hapo kosa liko wapi?"

"Zimeanguka, baba mdogo. Umeiba mtihani na bado umepata sifuri."

"Ndiyo maana nasema mashine ni mbovu. Tia sahihi, mwanangu. Nani alikubeba mgongoni siku ya kwanza ya shule, mvua inanyesha, wewe umevaa viatu na mimi peku?"

Hapo ndipo palipo na mwiba wa hadithi hii, na sitauficha. Sahihi moja ya msichana huyu, na mboga zinakwenda kwa watoto wa shule. Asipotia, mtu aliyemlea anapoteza mkataba ambao ameuringia mtaa mzima. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Cheti kilikuwa mezani. Alikitazama.

Lakini hakuwa anafikiria cheti. Alikuwa anafikiria mate.

Wiki tatu zilizopita alikwenda nyumbani akamkuta bibi yake, mama yake Bwana Majani, ameshika leso mdomoni. Mate yalikuwa yanamtoka tu, na mikono inacheza. Wote walisema ni uzee. Bibi mwenyewe alisema ni wivu wa wafu wanaomtaka arudi kwao.

"Baba mdogo. Leo nyumbani mnakula nini?"

"Swali gani hilo? Tunakula nini siku zote?"

Dada Chupa alifunga dirisha kwa kishindo, foleni ikaguna. Alizunguka nje, akamshika mzee mkono, akampeleka kwenye bomba la maji uani na kumsukutulisha mara tatu mbele ya wakulima kumi na moja. Halafu akamwingiza kwenye pikapu yake mwenyewe, upande wa abiria.

"Nani anaendesha?" aliuliza Bwana Majani.

"Mimi. Wewe una sumu."

"Na wewe huna leseni."

"Basi tumepatana. Kila mtu na kosa lake."

Njiani alimpigia simu mama mdogo, mke wa Bwana Majani, mara sita. Simu iliita, ikaita, ikachoka. Bwana Majani alikuwa anapangusa jasho kwa kofia. Alisema kuna joto. Hakukuwa na joto.

* * *

Walifika saa sita kasoro. Mama mdogo alikuwa mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, simu yake ikitweta kwenye chaji juu ya kabati ambako huiweka ili isimsumbue.

"Mmekuja pamoja? Cheti mmekileta?" Akampokea Dada Chupa mkoba. "Karibu, mwanangu. Umekonda. Kaa, chakula tayari."

"Nani amekula, mama mdogo?"

"Bibi yako peke yake. Anasema akisubiri wengine njaa humpanda kichwani."

Bibi alikuwa mezani, sahani mbele yake imepanguswa hadi maua yake yanaonekana. Leso mdomoni. Alimwona mjukuu wake, akatabasamu upande mmoja.

"Karibu, mke mwenzangu. Umechelewa, nimekumalizia."

Dada Chupa alimshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo. Alimwinua kidevu, akamtazama macho. Mboni zilikuwa ndogo kama vichwa vya sindano.

"Bibi, unaona vizuri?"

"Naona wewe wawili. Mmoja mnene."

Dada Chupa alichukua sufuria jikoni, ya moto hivyo hivyo kwa pindo la koti lake, akaimwaga yote kwenye shimo la taka. Mama mdogo alimtazama kama mtu anayeibiwa mchana kweupe.

"Umelogwa?"

"Mama mdogo, lile tuta la nyuma. Kuna mtu amelinyunyizia dawa?"

Jibu lilitoka kwa Bwana Majani, kwa majivuno. "Nani anyunyizie? Tuta lile nalilinda kuliko mahari. Nimeliwekea miba pande zote, na mlango, na kufuli. Halijaguswa. Mwambie, mke wangu."

Mama mdogo alianza kupangusa mwiko uliokuwa mkavu.

"Mwambie," alirudia Bwana Majani, safari hii polepole.

"Unakumbuka wakwe walipokuja?"

"Wakwe wana nini na spinachi?"

"Huna kumbukumbu wewe. Kiwavi kilitoka kwenye sahani ya mkwe wetu. Kikanyoosha shingo, kikatembea juu ya kitambaa cha meza, kikamwendea mke wake kama kimealikwa na yeye. Dada yako akacheka mpaka akashika ukuta. Mpaka leo nikipita anauliza, 'Wifi, nyama leo ipo?'"

Bibi alicheka ndani ya leso. "Kilikuwa kinene," alisema.

"Majani yote yalikuwa na matundu," mama mdogo aliendelea. "Mke wa mkulima mkubwa, naweka mezani mboga zilizotobolewa kama chandarua cha zamani, na za soko zinapita mbele yangu kwenye kreti zinang'aa. Na ufunguo unauacha kwenye msumari. Nikachukua bomba lako la mgongoni."

"Ukatia kiasi gani?" aliuliza Dada Chupa.

"Vifuniko vitatu."

"Kwa bomba zima ni kifuniko kimoja."

"Viwavi wa nyuma ya jiko wamezoea raha. Kimoja kingewachekesha tu."

"Mara ngapi?"

"Kila nikitaka kuchuma. Jioni nanyunyizia, asubuhi nachuma, zinatoka safi, hata kuzikagua hakuna haja."

Bwana Majani alikaa. Hakuchagua kiti. Alikaa tu, na bahati nzuri kulikuwa na gunia la mkaa.

"Mwanamke," alisema, "umenilisha dawa wiki ngapi?"

"Tangu wakwe."

"Hiyo ni miezi miwili. Miezi miwili nakula, nakusifia, nasema leo mboga imekolea."

"Nawe uliomba nyongeza."

"Unataka kuniua."

Nilidhani hapo mama mdogo angelia. Ningekuwa mwandishi wa zile hadithi za kubembeleza, angelia. Badala yake aliweka mwiko chini, akaweka mikono kiunoni, na sauti yake ikapanda ngazi mbili kwa mkupuo.

"Kukuua? Mimi nilijifunzia wapi? Nani huvaa bomba jioni, saa kumi na mbili, halafu alfajiri anaita vibarua wavune? Mimi? Nilikuuliza mwaka jana, nikasema mume wangu, kwenye chupa pameandikwa usivune kabla ya siku kumi na nne. Ukanijibu nini? Mwambie mtoto ulichonijibu."

"Hayo ni ya shamba la soko."

"Mwambie."

Bwana Majani alitazama kofia yake.

"Alisema," mama mdogo alimgeukia Dada Chupa, "'hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika.' Nikajua basi haina neno. Kama haina neno kwa watu wa huko, kwetu itakuwa na neno kwa nini? Tumbo letu limetengenezwa kiwanda kingine?"

Bwana Majani aliigeuza kofia, akaikagua ndani kama aliyepoteza kitu.

Dada Chupa alikuwa amesimama katikati ya jiko, koti la maabara limechafuka masizi. Tangu asubuhi alikuwa na sampuli moja iliyoanguka. Sasa alikuwa na shamba zima. Lile tuta la siri, lile ambalo baba yake mdogo alilizungushia miba ili watu wake wapone, na lile shamba kubwa la wengine: yote yalinyunyiziwa jioni na kuvunwa alfajiri. Tofauti ilikuwa ni miba tu.

"Sitii sahihi, baba mdogo," alisema.

"Sijakuomba tena."

"Lori la mboga za shule liko wapi? Nataka lishushwe, nipime kila kreti."

"Liko nyuma, kwenye kivuli. Nilimwambia dereva asitoke kabla sijarudi na cheti." Bwana Majani alijaribu kusimama, akapepesuka, akashika mlango. Mate yalimchuruzika kwenye kidevu. Aliyapangusa haraka, lakini yalirudi. Aliutazama mkono wake uliolowa kama mkono wa mtu mwingine.

Mama mdogo aliuokota mwiko, akaanza tena kuupangusa.

Nyie mliooa au kuolewa mnaijua aina hiyo ya kupangusa.

"Nini tena?" aliuliza mumewe.

"Mpishi wa shule alipiga simu asubuhi. Alisema jana ulimwambia cheti kimeshatoka, kwamba mpimaji ni mtoto wako mwenyewe. Akasema leteni mapema. Nikamwambia dereva aende."

"Saa ngapi?"

"Saa moja."

Dada Chupa alishaitoa simu yake.

"Halafu," mama mdogo alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo kabisa, "kreti zilipungua nne. Vibarua walihesabu vibaya. Nikaona aibu kupeleka pungufu siku ya kwanza. Nikajazia za nyuma ya jiko. Nilikuwa nimezinyunyizia jana jioni. Zilikuwa nzuri kuliko zote, nikamwambia dereva aziweke juu, waanze nazo."

* * *

Simu ya shule iliita mara mbili. Aliyepokea alikuwa mpishi mkuu, mwanamke mwenye sauti ya kuzoea kushindana na masufuria.

"Mimi ni mpimaji wa maabara ya mboga," Dada Chupa alisema. "Spinachi mlizopokea leo zisiliwe. Zina dawa."

"Wewe ni wa tatu mwezi huu."

"Wa tatu nini?"

"Kupiga simu na kusema mimi ni wa maabara. Aliyekuwa akituletea kabichi zamani amenuna, mkataba umekwenda kwa mwingine. Kila siku ananitafutia mtu. Mara mboga zina minyoo, mara zimemwagiliwa maji ya choo. Leo dawa. Kesho mtasema zina jini."

"Dada, nisikilize. Cheti hakijatoka. Sikukitia sahihi."

"Mwenye shamba mwenyewe aliniambia kimetoka. Sauti yake naijua, anaongea kama yuko juu ya mti. Akitaka zimwagwe, aseme yeye. Na aseme kwa sauti, maana nimeweka spika, mwalimu mkuu yuko hapa na walimu wamekuja kuchukua chakula. Nisije nikamwaga chakula cha shule nzima halafu niambiwe nilichanganyikiwa."

Dada Chupa alimnyooshea baba yake mdogo simu.

Bwana Majani aliitazama. Sasa jasho lilikuwa linamtiririka na pumzi ilikuwa inapiga mluzi kifuani. Alijua vizuri kilichokuwa upande wa pili: mwalimu mkuu, walimu, wapishi, wake za watu, na hadi jua linazama mtaa mzima. Mkataba haukuwa tatizo tena, ulikuwa umekwenda. Ni jina. Mtu huyu kuna siku alikataa kupanda lori la mwenzake kwa sababu jina lililoandikwa mlangoni halikuwa lake.

"Sema mashine imegundua," alinong'ona. "Sema kuna hitilafu. Nani atajua?"

"Hawatamwaga kwa hitilafu. Watasubiri ithibitishwe."

"Sema wewe ndiye mimi. Kaza sauti."

"Baba mdogo." Dada Chupa hakupandisha sauti. "Ulitafuna ngumi moja, mbichi, na nusu ulisukutua. Una kilo tisini. Jitazame. Mtoto wa darasa la kwanza ana kilo ngapi?"

Kutoka mezani bibi alitoa leso mdomoni.

"Wewe," alimwambia mwanawe, "nilikuzaa kwa tabu. Usinifanye nijute nikiwa nimeshiba."

Bwana Majani akaichukua simu.

"Hujambo, mama," alisema. Ilikuwa kweli, sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliye juu ya mti. "Ni mimi mwenye shamba. Cheti sina. Nilikudanganya. Maabara nayo niliidanganya, nikapeleka mboga ambazo siuzi. Hizo za kwenye kreti nilizinyunyizia dawa juzi jioni, na nne za juu zilinyunyiziwa jana. Mimi mwenyewe nimekula kidogo na sasa siwezi kusimama. Mwaga zote. Mwaga na maji mliyochemshia. Usiwape hata kuku. Wote mlioko hapo mmesikia? Ni mimi, sijalazimishwa na mtu wa kabichi."

Alimaliza, akahema. Mama mdogo alikuwa amemshika bega. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, sehemu tisa sasa, kwa Bwana Majani kusema maneno mengi hivyo bila kujisifu hata mara moja.

Upande wa pili ilisikika sufuria ikiburutwa, halafu mtu akikimbia kwa ndala.

"Mama?" aliita Bwana Majani. "Umemwaga?"

"Nimemwaga," mpishi alisema. Ile sauti ya kushindana na masufuria ilikuwa imekwisha. "Ya watoto wakubwa nimemwaga. Ila darasa la kwanza hutoka mapema. Hao nimewapakulia saa tano, kutoka kreti za juu."

Dada Chupa alimnyang'anya simu. "Wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Wako wapi sasa?"

"Darasani. Mwalimu wao alikuwa anatucheka hapa, anasema leo mmewashibisha kweli." Nyuma yake mwalimu alisema jambo. "Anasema wamelala wote, na mito yao ni madaftari, na madaftari yamelowa."